Mtoto anayeokota mawe Dodoma: kipi umnunulie kwanza

Mfuko wa sare ya binti yangu nimeushona mara tatu mwaka huu. Kila akirudi kucheza anashuka na jiwe jipya: "Baba, hili si almasi hili?" Si almasi, mama. Ila mji wetu umekaa juu ya graniti, mawe ni ya bure popote utakapoinama, kwa hiyo hela yangu huwa naipeleka kwenye vitu vya kulichunguzia jiwe kabla ya kununua jiwe lenyewe. Mpangilio wangu unafuata hapo.

Nafasi ya kwanza: lenzi ya mkono

Ni ile ndogo inayojikunja ndani ya kifuniko chake, wanayotumia wanunuzi wa madini. Chukua inayokuza mara 10. Ukikuta imeandikwa mara 30 au 60 na bei yake ni ya chipsi mayai, usiamini maandishi. Ijaribu palepale kwa noti: soma yale maandishi madogo kabisa, kisha tazama mistari ya pembeni. Ikipinda sana, rudisha.

Watoto wengi hukata tamaa kwa sababu wanaishika lenzi mbali. Inakaa karibu na jicho, halafu jiwe ndilo linalosogezwa, mpaka libaki kama sentimita 2.5. Anza na kokoto iliyopasuliwa karibuni, bado ina uso mpya. Mtoto ataona kumbe jiwe moja lina wenyeji watatu: kwatzi ya kijivu kama kioo cha chupa, feldspa ya pinki au nyeupe yenye nyuso bapa zinazometa ukiigeuza, na ulanga, vile vimagamba vinavyobanduka kwa ncha ya sindano. Wangu aliushangilia ulanga akidhani ni dhahabu. Nilimwacha ashangilie kwanza.

Lenzi isiachwe juani, nyasi za Agosti hazihitaji kubembelezwa ndipo ziwake. Na asilitazame jua kwa lenzi hata siku moja.

Ya pili: kifurushi cha kukusanya mwenyewe

Sumaku ya spika mbovu kutoka kwa fundi redio, msumari, kipande cha kigae kilichovunjika na chupa ya siki. Karibu vyote utapewa bure.

Kigae kinatumika upande wa nyuma, ule mkavu. Sugua jiwe pale uone rangi ya unga wake, maana sura ya nje inadanganya. Hematiti, madini ya chuma, inaweza kuwa nyeusi tii lakini ikaacha mstari mwekundu wa kahawia. Ni wekundu huohuo wa oksidi ya chuma ambao watu wa kale walichorea miambani kule Kolo, Kondoa, michoro iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Sumaku ivishe mfuko wa nailoni kabla ya kuiburuta kwenye mchanga wa korongo. Inatoka na ndevu nyeusi za magnetiti, chembe za chuma zinazovutwa na sumaku, na ukivua mfuko zinadondoka zenyewe. Siki ni ya jiwe la chokaa, ambalo hutoa povu. Msumari ni wa kupimia ugumu: kwenye kipimo alichobuni Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho namba ikiwa kubwa jiwe ni gumu zaidi, kucha ni kama 2.5, msumari ni kama 5, kwatzi ni 7. Msumari ukipita juu ya kwatzi huacha mstari wa fedha na mtoto ataapa kuwa ameikwaruza. Mwambie apitishe kucha. Kama hakuna mfereji, kilichobaki pale ni chuma cha msumari.

Vile visumaku vidogo vya mviringo vyenye nguvu kali viache dukani. Mtoto akimeza viwili vinaweza kuvutana na kubana utumbo.

Ya tatu: shabu

Ile ya vinyozi. Omba kipande kinachoangaza kama barafu, usichukue ya unga. Yeyusha kwenye maji ya moto mpaka ikatae kuyeyuka zaidi, acha ipoe, kisha ning'iniza punje moja kwa uzi. Mara ya kwanza niliweka kopo dirishani. Hewa yetu kavu ikayanyonya maji haraka na tukapata uji wa vipunje. Mara ya pili nililifunika kwa karatasi na kuliweka chini ya kitanda, polepole likatoka umbo la piramidi mbili zilizogeuziana migongo. Chumvi ya mezani nayo jaribu: inatoa vijumba vya pembe nne. Mrututu una buluu ya kupendeza sana, lakini ni sumu. Usiuingize kwenye mchezo huu.

Ya nne: boksi la mawe yaliyong'arishwa

Zuri kwa zawadi, dogo kwa kujifunza. Akiki ya pinki kali au ya buluu ya kuwaka kwa kawaida imetiwa rangi. Nunua tu kama kila jiwe lina jina lake.

Ya mwisho: jiwe ghafi la mkononi

Tangu yakuti za Winza, Mpwapwa, zilipovuma mwaka 2008, hakosi mtu wa kukunong'oneza sokoni. Vipovu vya duara ndani ya "yakuti" vikionekana kwa lenzi, mara nyingi hiyo ni chupa. Na hata likiwa la kweli, biashara ya madini inataka leseni kwa Sheria ya Madini ya 2010. Ukimtamania mtoto kipande cha krisopresi ya Haneti, lile jiwe la thamani la kijani cha nikeli, nenda kwa mwenye leseni ukaondoke na risiti.