Boneti ya Nyuzi za Kaboni kwa Honda S2000: Tathmini ya Bidhaa na Ufungaji Wake

Anayetaka kuijua boneti ya nyuzi za kaboni asianze na upande wa juu. Upande huo kila mtengenezaji huupamba: msuko hunyooshwa, vanishi hupakwa hadi ing'ae, na picha za matangazo hupigwa jua likiwa limeinama ili mistari ya nyuzi ionekane vizuri. Aigeuze, akague fremu ya ndani, kingo, na mahali bawaba na komeo zinapofungwa, kwa sababu huko ndiko inakoonekana kama kiwanda kilifanya kazi kwa uangalifu au kwa haraka. Boneti ninayoitathmini hapa imetengenezwa kwa ajili ya Honda S2000, gari dogo la michezo la viti viwili, na kampuni huru ya vipuri, si Honda yenyewe, nami niliikagua kwa utaratibu huo kabla boliti hata moja ya gari haijaguswa.

Tabaka la juu ni la msuko wa mshazari wa mbili kwa mbili, yaani kila uzi hupita juu ya nyuzi mbili kisha chini ya mbili, ambao ndio wengi wanautambua, na mistari yake inakutana sawasawa katikati ya boneti. Chini yake limebandikwa ganda la pili linalofanya kazi ya fremu, na gundi imeenea kwenye kingo zote bila kuacha mapengo. Nililihakiki hilo kwa kugonga taratibu kwa kidole, kwa kuwa penye uwazi sauti hubadilika na kuwa ya mwangwi. Kwenye bawaba na kwenye komeo vimefukiwa vibao vya chuma ndani ya tabaka zenyewe. Hilo ndilo ninalolisifu kuliko yote. Nyuzi za kaboni zina nguvu kubwa sana zinapovutwa kwa urefu wake, lakini resini inayozishikilia hupondeka na kupasuka ikibanwa na kichwa cha boliti mahali pamoja, na boneti nyingi za bei rahisi huanza kuharibika hapo hapo. Kasoro nilizoziona katika ukaguzi huo ni mbili. Vanishi ina vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano karibu na matundu ya kutolea hewa, na fremu ya ndani ni ya faibaglasi iliyopakwa rangi nyeusi, si ya kaboni. Faibaglasi si ubaya, na mbele nitaeleza faida yake moja, lakini muuzaji aliyeandika kwamba boneti ni ya kaboni tupu alipaswa kulitaja jambo hilo waziwazi.

Namna ya utengenezaji pia inahesabika. Njia ya kwanza ni kupaka resini kwa mkono juu ya kitambaa cha kaboni, ambayo huacha resini nyingi kupita kiasi, na resini iliyozidi huongeza uzito bila kuongeza nguvu. Ya pili hufyonza resini kwa utupu hadi ienee kwenye kitambaa kilicholazwa ndani ya kalibu. Ya tatu hutumia kitambaa kilichokwisha kulowekwa resini kiwandani, kisha hukaushwa kwa joto na shinikizo ndani ya tanuri maalumu, na hiyo ndiyo iliyo bora na ya gharama kubwa kuliko zote. Boneti hii ni ya njia ya pili, na kwa gari la kutembelea barabarani linaloingia uwanja wa mbio mara moja moja, hiyo inatosha kabisa.

Kuhusu uzito, ukweli usemwe. Chuma cha kawaida kina msongamano wa gramu zipatazo 7.8 kwa sentimita ya ujazo, aluminiamu 2.7, na kaboni iliyounganishwa na resini takriban 1.6. Tarakimu hizo huvutia sana ikiwa boneti ya awali ni ya chuma. Lakini S2000 ilitoka kiwandani ikiwa na boneti ya aluminiamu, na boneti hii mpya, kwa kuwa ina maganda mawili, gundi na vibao vya chuma, imepunguza kilo chache tu kwenye gari lenye uzito wa takriban kilo 1,250. Hata watengenezaji wakubwa hawakupata maajabu: Chevrolet ilipoweka boneti ya kaboni kwenye toleo la kumbukumbu la Corvette Z06 la mwaka 2004, iliokoa karibu kilo 5 dhidi ya boneti ya kawaida ya gari hilo hilo. Kilo hizo ni za juu na ziko upande wa mbele, kwa hiyo hazidharauliki, ila dereva anayetarajia kuzihisi kwenye usukani barabarani atakuwa ametumia fedha zake kwa matumaini yasiyo na msingi.

Ufungaji ndio uliochukua muda na akili, na ndio utakaoamua kama mnunuzi ataridhika. Kazi hii ni ya watu wawili, hata kama boneti ni nyepesi, kwa sababu kona moja ikiteleza itakwangua madigadi au kupasua ncha yake yenyewe. Tulibandika utepe wa karatasi kwenye madigadi na kwenye kingo za chini za kioo cha mbele, tukachora alama kuzunguka bawaba ili tujue zilikaa wapi, kisha tukaondoa boneti ya zamani na kuilaza juu ya blanketi. Boneti mpya lazima ijaribiwe juu ya gari kabla ya kupakwa kitu chochote, kubandikwa karatasi ya kinga au kutobolewa, kwani baada ya hapo hakuna muuzaji atakayekubali kuirudisha.

Boliti za bawaba zikazwe kwa mkono tu mwanzoni. Wengi hukosea kwa kulikimbilia komeo. Huifunga boneti kwa nguvu ili waone inavyokaa, na kama kipande cha kunasia hakilingani na komeo, boneti hujifunga ikagoma kufunguka au ukingo wake wa mbele ukapasuka. Sisi tuliondoa kwanza kipande hicho, tukaishusha boneti taratibu, na kurekebisha upande wa nyuma karibu na kioo, halafu nafasi za pembeni, na mwisho urefu wa mbele kwa kuzungusha vizuizi vya mpira vilivyo juu ya fremu ya rejeta. Upande wa kulia ulilingana karibu mara moja. Upande wa kushoto ulikuwa na nafasi pana nyuma na nyembamba mbele karibu na taa, na hakuna kiasi cha kusogeza bawaba kilichoweza kuiondoa tofauti hiyo, kwa sababu ilikuwa ndani ya umbo la boneti lenyewe. Ilibidi kingo zipunguzwe kwa msasa laini uliolowekwa maji, kidogo kidogo, na kila baada ya kupunguza boneti irudishwe kupimwa. Maji ni ya lazima, na barakoa na glavu pia, kwani vumbi la kaboni huwasha ngozi na ni baya kwa mapafu. Kila sehemu iliyosuguliwa ilizibwa kwa resini ya epoksi, ili unyevu usipenye kwenye nyuzi zilizobaki wazi.

Kwa kazi hiyo ninaipa bidhaa alama ya wastani, wala si ya chini. Boneti ya aina hii inayokaa sawa bila kuguswa ni nadra, na fundi bodi anayeahidi kuifunga ndani ya saa moja ama hajawahi kuifunga, ama hajali nafasi zitakavyobaki. Matundu ya vibanio vya mpira wa kuzuia maji yalikuwa mahali pake, na fimbo ya kuegemeza iliingia kwenye kishimo chake bila tatizo. Wenye magari ambayo boneti zake huinuliwa kwa mitungi ya gesi wana jambo la ziada la kuangalia: mitungi iliyokadiriwa kwa uzito wa boneti ya chuma husukuma boneti nyepesi kwa nguvu kubwa mno, na inapofungwa huikunja katikati.

Matundu mawili ya kutolea hewa yamewekwa sehemu ya mbele, nyuma kidogo ya rejeta, na hapo mbunifu alielewa kazi yake. Hewa inayopanda juu ya pua ya gari huongeza kasi na kushusha shinikizo, hivyo hewa ya moto iliyopita kwenye rejeta hufyonzwa nje badala ya kujazana ndani. Karibu na kioo cha mbele mambo ni kinyume: hewa hupunguza kasi na shinikizo hupanda, ndiyo maana watengenezaji wa magari huweka pale tundu la kuingizia hewa ya ndani ya gari. Kwa sababu hiyo, mtindo wa kuinua ukingo wa nyuma wa boneti kwa washa nene zinazowekwa chini yake kwenye bawaba ili ati joto litoke husaidia gari likiwa limesimama, lakini likiwa kasini huingiza hewa badala ya kuitoa. Mvua nayo itapita kwenye matundu, kwa hiyo ni vyema kufunga bamba la kukinga maji juu ya sehemu za umeme.

Komeo la awali lilinasa vizuri. Hata hivyo, sikubali boneti yoyote ya kaboni iende barabara ya kasi ikitegemea komeo moja, kwa kuwa ganda jembamba hutikisika na kuinuka pembeni upepo unapoingia chini yake, na boneti inayofunguka kasini humziba dereva macho na kuvunja kioo. Nilifunga pini mbili za kuishikilia boneti karibu na kona za mbele. Kutoboa kulihitaji utepe juu, ubao chini, keekee nyembamba kwanza kisha nene, na epoksi kwenye kingo za matundu. Mtengenezaji hakuimarisha sehemu hizo wala kuziwekea alama, na huo ndio upungufu mkubwa kuliko vitundu vya vanishi. Mnunuzi ajue pia kwamba boneti ya kiwandani hubuniwa ikunjike katikati gari likigonga kwa mbele, ilhali kaboni huvunjika vipande vipande badala ya kukunjika.

Juu ya kudumu kwake, jua ndilo adui mkuu. Epoksi isiyokingwa hugeuka njano na kupauka, kwa hiyo vanishi yenye kinga ya miale ya jua, au karatasi ya kinga juu yake, ni sehemu ya gharama ya boneti hii tangu mwanzo. Kutu nayo isisahauliwe: kaboni hupitisha umeme, na inapogusana na aluminiamu au chuma mahali penye unyevu, metali ndiyo huliwa. Hapa ndipo fremu ya faibaglasi inapojitetea, kwani inaitenga kaboni na bawaba. Kwenye pini, ambako boliti hupita kwenye tabaka zote mbili, nilitumia boliti za chuma cha pua na washa pana za plastiki, na mwenye boneti kama hii anapaswa kuzifungua kila anapobadilisha oili, aangalie kama matundu yamepanuka au epoksi ya kingo imepasuka.