TAHADHARI: Kuna muuza sefti buti "wa Mwanjelwa" anatuma mizigo Mafinga na Makambako

Wana Mufindi, na wote mnaoagiza vifaa vya kazi kutoka Mbeya, kuna jamaa anauza sefti buti (buti za kukinga miguu kazini) kwa picha za stetasi. Anasema ana duka Mwanjelwa, ila ukimuuliza liko upande gani anakuzungusha. Bei Sh 35,000, pesa mbele, mzigo unapandishwa basi. Hapa kwetu kwenye mbao bosi aliagiza za vijana wote. Kwa macho zilikuja nzuri: nyeusi, soli nene, ubavuni zimechapwa S3, alama ya daraja la kinga, kwa herufi kubwa.

Haikuchukua muda, kijana mmoja wa dingdong (mashine ndogo ya kupasua mbao) akadondokewa na kipande cha gogo mguuni. Kikofia cha mbele, kile kigumu cha kukinga vidole, kikapasuka, na ncha ya ule mpasuko ndiyo iliyomchana kidole. Yaani kaumizwa na buti, si na gogo.

Tukaichana kwa kisu. Mbele kuna plastiki nyembamba kama ya ndoo ya maji, na ndani ya soli, pale panapotakiwa kukaa bati la kuzuia msumari, kuna boksi gumu limegundishwa. Boksi! Kiwandani ambako misumari imezagaa kila unapokanyaga.

Alipopigiwa akajibu bila hata aibu: "Hizo kompoziti mzee wangu, teknolojia mpya, ndiyo maana nyepesi." Hapo ndipo anapowapata wengi, kwa sababu kompoziti, yaani plastiki ngumu iliyoimarishwa kwa nyuzi, zipo kweli. Kuna buti halali kabisa zisizo na chuma mbele, na sumaku haizinasi. Kwa hiyo wanaoenda dukani na sumaku mfukoni wajue hivi: isiponasa, bado hujajua lolote. Lakini iwe chuma, iwe kompoziti, kiwango cha kimataifa ni kilekile, ISO 20345. Kikofia kinatakiwa kihimili pigo la jouli 200, sawa na kilo 20 kuanguka kutoka kimo cha kama mita 1, na mgandamizo wa karibu tani moja na nusu. Ndiyo maana kompoziti ya kweli huwa nene kuliko chuma. Bonyeza kwa dole gumba, kisha ikanyage kwa kisigino hapohapo mbele ya muuzaji. Ikibonyea, mwachie buti yake.

Herufi za ubavuni yeyote anaweza kuchapa. Tafuta lebo ya ndani, mara nyingi iko kwenye ulimi: jina la mtengenezaji, saizi, modeli, namba ya kiwango, mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Za huyu jamaa zina saizi tu. Ukikuta ISO 20347, hiyo ni buti ya kazi isiyodaiwa kuwa na kikofia, hata kama kwa sura zinafanana. S1 tupu haina kinga ya msumari, S1P na S3 zinayo.

Na mwaka msiupuuze. Soli za poliyurethani zikilala stoo miaka mingi huoza zenyewe kwa unyevu. Unaivaa asubuhi ikiwa mpya kabisa, jioni soli inameguka vipandevipande.

Vibarua nao wasidanganywe kwamba buti ni juu yao. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga.

Aliyekwisha kununua asizitupe. Tunza buti, meseji na muamala, vitakusaidia ukienda polisi au FCC (Tume ya Ushindani) kulalamika. Namba ameshabadilisha, picha ni zilezile, zimepigwa juu ya turubai la bluu. Akikuambia mzigo uko kwenye basi, mwambie utalipa ukishaufungua stendi. Jamaa mmoja wa Makambako alimwambia hivyo juzi, akakata simu na hajapokea tena.