ENA kwa bando la Dodoma: uzoefu wangu na data za mtama

Naipa nyota nne. ENA ni hifadhi ya mifuatano ya DNA iliyoko Hinxton, Uingereza. Hubadilishana data na GenBank ya Marekani na DDBJ ya Japani, na haidai hata kujisajili ili upakue.

Naipenda kuliko SRA, hifadhi ya data kama hizi ya kituo cha NCBI cha Marekani, kwa sababu moja: nafasi ya diski. Kule unapewa faili la .sra, unalifungua kwa programu ya fasterq-dump, na kinachotoka hakijabanwa, tena njiani kinadai nafasi mara kadhaa ya faili lenyewe. Laptopu ya kawaida inajaa upesi. ENA inakupa fastq.gz (faili la mifuatano lililokwisha kubanwa) moja kwa moja.

Kwenye tovuti ya ENA andika namba ya mradi (inayoanza na PRJEB au PRJNA), ongeza safu za fastq_bytes (ukubwa wa faili) na fastq_md5 (alama ya kuhakiki faili), pakua jedwali la TSV. Jumlisha fastq_bytes kwanza, ndipo ununue bando.

Mtego uko kwenye safu ya fastq_ftp, yenye viungo vya kupakulia. Viungo viwili vya sampuli moja, _1 na _2, vimeshikanishwa kwa nukta mkato. Ukivibandika hivyo hivyo kwenye wget (amri ya kupakua), terminali inaona nukta mkato ni mwisho wa amri: _1 inashuka, _2 inabaki. Vitenganishe, kila kimoja na mstari wake. Weka -c, ili mtandao ukikata uendelee ulipoishia. Halafu linganisha faili na fastq_md5 kwa amri ya md5sum, na hapa usione uvivu: faili lililokatika lina jina lile lile, mistari ya mwanzo inasomeka vizuri, na gzip, programu ya kufungua faili lililobanwa, inakuja kulalamika mwishoni kabisa, kazi imeshakula saa nzima.

Nyota ya tano imepotea kwenye maelezo ya sampuli. Hujazwa na waliotuma data, na wengine huacha jina la mbegu wazi. Kwa anayetafuta mtama unaostahimili ukame wa huku kwetu, sampuli isiyo na jina la mbegu ni mzigo tu.

Jinomu yenyewe ya mtama (kromosomu 10), yaani faili la FASTA, naichukua kwenye hifadhi ya Ensembl Plants, pamoja na GFF yake, faili linaloonyesha jeni ziko wapi. Msichanganye jamani! Ensembl huiita kromosomu ya kwanza "1", Phytozome, hifadhi nyingine ya jinomu za mimea, huiita "Chr01", NCBI huipa namba inayoanza na NC_. Majina ya jeni nayo huanza na SORBI_3001G kwa Ensembl, Sobic.001G kwa Phytozome, na Sb01g kwenye makala za zamani. FASTA ya huku ukiipa GFF ya kule, featureCounts, programu ya kuhesabu mifuatano inayoangukia kila jeni, itakutolea jedwali la sifuri tupu.