Upinde wa kapi kwa mtu wa Lubumbashi: nunua ukimya, mwendo utajitafutia

Upote ukikatika Jumamosi asubuhi, nani ataufunga mwingine? Hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayetaka upinde wa kapi, ule wenye magurudumu kwenye ncha za mikono yake, hapa Lubumbashi, na wauzaji wa ng'ambo hawaliulizi kwa sababu kwao halina uzito: duka lenye presi ya kukandamiza mikono ya upinde haliko mbali. Kwetu mafundi wa komuni za Kenya na Katuba watakufufulia jenereta iliyokwisha kuzikwa, lakini upinde uliokazwa kwa nguvu ya kilo 30 haufunguliwi kwa bisibisi na subira. Anayejaribu anaweza kupoteza jicho.

Ndiyo maana sikuzipanga pinde nitakazozitaja hapa kwa mwendo wa mshale wala kwa uzuri wa rangi. Nimeangalia mambo mawili: kelele yake, na kama mwenyewe ukiwa nyumbani unaweza kuurekebisha kwa zile funguo za L za pembe sita.

Tuanze na kelele, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mshale hautangulii sauti yake. Sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde, na mshale wa futi 300 kwa sekunde, ambao wauzaji wanausifu sana, ni mita 91 tu. Pongo akiwa mita 30 kutoka kwako, mlio wa upote unamfikia baada ya sekunde 0.09, mshale baada ya 0.33. Katikati ya hapo anachuchumaa ili apate nguvu ya kuruka, mgongo unashuka, na mshale unampita juu au, vibaya zaidi, unamjeruhi akakimbia nao. Sasa chukua upinde wa futi 270: mshale wake unafika baada ya sekunde 0.36. Aliyelipa mamia ya dola kutoka 270 kwenda 300 amenunua muda usiofika sekunde 0.04. Upinde usiolia unampa zaidi ya hapo, kwa sababu mnyama asiyeshtuka hana haja ya kuruka.

Na ile namba ya mwendo kwenye boksi isikudanganye. Hupimwa kwa upinde wa paundi 70, mvuto (yaani urefu wa kuvuta upote) wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greini 350, karibu gramu 23. Wewe je? Nyoosha mikono kama msalaba, mtu akupime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, ugawanye kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 anapata mvuto wa sentimita 70, yaani inchi 27 na nusu. Kila inchi inayopungua huondoa karibu futi 10, kwa hiyo upinde wa 315 mkononi mwake umeshashuka hadi 290 kabla hata hajapunguza nguvu au kuweka mshale mzito.

Namba moja kwangu, kwa mtu anayetaka upinde mmoja wa kulenga shabaha na wa kuwinda, ni Diamond Infinite Edge Pro. Nguvu yake inapanda kutoka paundi 5 hadi 70, na mvuto kutoka inchi 13 hadi 31, bila presi. Nafasi kati ya mshikio na upote ni inchi 7, na nafasi hiyo ikiwa kubwa upinde unasamehe: mshale unaachana na upote mapema, mkono ukitetemeka kidogo haukufuati hadi kwenye shabaha. Mpinzani wake wa karibu ni Bear Cruzer G2, ambao sasa umefuatwa na G3. Ni mwepesi kidogo, una nguvu ile ile ya 5 hadi 70, mvuto wa inchi 12 hadi 30, ila nafasi yake ni inchi 6 na nusu. Ukipata Cruzer kwa bei nzuri, chukua, usilale njaa ukisubiri Diamond. Zote mbili huuzwa zikiwa na kifaa cha kulengea, kikalio cha mshale na podo, na kwenye bei ya huko Marekani ongeza usafiri na forodha.

Kuna sababu nyingine ya kuweka pinde hizi juu, nayo ni ya hapa kwetu kabisa. Siku ukibanwa na ada za shule ukataka kuuza, mnunuzi anaweza kuwa mrefu, mfupi, mama au kijana wa miaka 14, na upinde utamfaa kila mmoja. Upinde uliotengenezwa kwa mvuto wa inchi 29 peke yake utakaa ukutani ukingoja mtu mwenye mikono yako.

Namba mbili ni upinde wa daraja la juu uliokwisha kutumika, hasa ule mrefu kidogo, wa inchi 33 kutoka ekseli ya kapi moja hadi ya nyingine. Mathews V3X 33 wa mwaka 2022 ni mfano mzuri. Ukimya wa pinde za kiwango hicho ni wa kweli, si wa matangazo. Mwaka uliofuata, katika Phase4, Mathews waliweka hata tabaka la raba ndani ya mikono ili lile tetemeko la baada ya kuachia life hapo hapo. Urefu huo wa inchi 33 unatulia vizuri kwenye shabaha na bado unapita kwenye miombo bila kukwama kila tawi. Ubaya ni kwamba kubadilisha mvuto kunadai kipande kingine cha kapi, na kipande hicho hakipo Soko Mzee.

Ukinunua uliotumika, usitosheke na picha. Chukua kipande cha pamba, ukipitishe taratibu juu ya mikono yote ya upinde, mbele, nyuma na pembeni. Pamba ikinasa nyuzi mahali, hapo fiba imeanza kupasuka, hata kama jicho halioni kitu. Rudisha, usijadiliane bei. Kisha tazama upote pale unapoizunguka kapi: nyuzi zikiwa na manyoya, hesabu gharama ya upote mpya. Tazama kapi ukiwa nyuma ya upinde, isiwe imelala upande. Mwisho soma kibandiko kwenye mikono, kinataja nguvu na mvuto. Muuzaji anayekwambia "paundi 70" wakati kibandiko kinasema 50 ameshajieleza.

Jambo moja linaua pinde za mkopo na za majaribio kuliko vumbi na jua: kuvuta na kuachia bila mshale. Nguvu ambayo ingekwenda na mshale inarudi kwenye mikono, na mara moja inatosha kuipasua au kuung'oa upote kwenye kapi. Garanti nyingi hazilipi ajali hiyo. Rafiki atakuja: "Yaya, niachie nijaribu kidogo tu, sitaweka mshale." Mjibu kwamba asipoweka mshale, asiuguse.

Genesis naiweka ya tatu, lakini kwa familia au kikundi cha vijana ingekuwa ya kwanza. Ina paundi 10 hadi 20 tu, haina ule ulegevu wa mwisho wa mvuto, pale uzito unapopungua mkononi ukiwa umevuta, kwa hiyo kila mtu anavuta mpaka anapofika bila kurekebisha urefu. Ni ya shabaha, si ya porini.

Ya nne ni upinde mpya wa daraja la juu, Hoyt, Mathews au Bowtech, ambao unapita dola 1,000 ukiwa mtupu, bila kifaa hata kimoja juu yake. Ni mzuri, sibishi. Ila tofauti ya ukimya kati yake na ule wa miaka mitatu nyuma ni ndogo, na tofauti ya bei ingekununulia mishale, presi na akiba ya upote. Mwenye nia ya mashindano peke yake ndiye ningemwelewa. Shirikisho la dunia linaruhusu paundi 60 mwisho, mita 50, shabaha ya sentimita 80, na mwaka 2028 pinde za kapi zitaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Los Angeles, kwa timu za mwanamume na mwanamke.

Mwisho kabisa ni zile zisizo na jina la maana, zinazokuja na makontena pamoja na simu na spika. Baadhi zinapiga vizuri. Tatizo huanza siku unapotafuta upote wake: hakuna anayejua vipimo, na kapi haina namba.

Sasa rudi kwenye Jumamosi yetu. Katika oda ile ile ya upinde, agiza upote wa akiba pamoja na kebo zake, na presi ndogo ya mkononi. Zipo zinazoingia kwenye begi. Hakikisha tu viunganishi vyake vinafaa mikono ya upinde wako, maana mikono iliyogawanyika ina vyake. Bila hivi viwili hata namba moja yangu ni pambo.

Mishale nayo ndiyo dawa rahisi ya kelele. Mshale mzito hubeba nguvu nyingi ya upinde, kinachobaki cha kulia ni kidogo. Usishuke kamwe chini ya greini 5 kwa kila paundi, yaani 250 kwa upinde wa paundi 50. Mimi ningekwenda 400, ambazo ni kama gramu 26. Ugumu wa mshale ulingane na nguvu ya upinde, majedwali ya watengenezaji yanaonyesha. Paundi 50 zinatosha, kwa njia, kwa watu wengi: ulegevu wa asilimia 80 unakuachia kilo 4 na nusu tu za kushikilia ukiwa umevuta. Kisha kaza kila skrubu, maana mtikisiko wa kifaa kimoja kilicholegea hulia kuliko upote, na mwombe fundi viatu kipande cha ngozi laini cha kubandika pale mshale unapoweza kugonga mshikio.

Kiangazi chetu kina vumbi jekundu. Futa upote kwanza, ndipo upake nta. Ukipaka juu ya vumbi umetengeneza msasa. Na usiuache upinde ndani ya gari mwezi wa Oktoba.

Ukimya ninaousifu hapa ni kwa ajili ya mnyama, si wa kumpita mlinzi wa hifadhi. Sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inadai kibali, na kukosa mlio wa bunduki hakukuondolei. Upemba na Kundelungu ni mbuga za taifa chini ya ICCN, taasisi ya serikali ya kulinda hifadhi, huko hakuna kuwinda. Mjini na barabarani upinde ukae ndani ya sanduku lake, mishale imefungwa pembeni, karatasi za ununuzi zikiwa juu. Kwenye kizuizi utaelezea kwa dakika mbili badala ya nusu siku.

Kwa kununua, Afrika Kusini kuna maduka ya kweli, kwa sababu kule uwindaji wa upinde ni kazi ya watu. Mzigo utapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Uliza forodha kabla ya kulipa, si baada ya kukwama mpakani, na boksi likifika lifungue mbele ya mchukuzi, na ile pamba iwe mfukoni.