Land Rover 109 ya Serisi ya Tatu: tathmini ya gari lililofufuliwa kwa mshahara wa ualimu

Gari ninalolitathmini hapa ni Land Rover ya Serisi ya Tatu, ile ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, injini ya petroli ya lita 2.25, bodi ya pikapu, lililotengenezwa mwaka 1976. Nililinunua likiwa halitembei katika shamba la kahawa karibu na Karatu, ambako lilikuwa limeegeshwa chini ya mgrevilea kwa miaka isiyopungua sita, na kuku walikuwa wameligeuza banda. Nililipa shilingi milioni 4.8, kadi yake ikiwa kamili na jina la muuzaji likilingana na la kwenye kadi, jambo ambalo kwangu lilikuwa na uzito kuliko hali ya injini. Injini hurekebishwa, lakini gari lisilo na kadi litabaki kuwa chuma chakavu hata likiwaka vizuri namna gani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari jijini Arusha. Fedha zangu zilikuwa zinaingia kidogo kidogo mwisho wa mwezi, na kazi yote ilichukua miaka miwili na miezi kadhaa. Ninachotaka kupima hapa ni kama gari hili linamfaa mtu wa namna yangu, mwenye muda kuliko pesa, kwa kuwa mwenye pesa atapata fundi wa kumfufulia chochote anachotaka.

Serisi ya Tatu ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na ilirithi karibu kila kitu kutoka kwa watangulizi wake: bodi ya aloi ya alumini iliyofungwa kwa bolti na ribiti juu ya chasisi ya chuma. Hapo ndipo penye uzuri wake na pia penye mtego. Uzuri ni kwamba bawa la mbele, mlango, boneti na hata sehemu ya mizigo vinafunguliwa kwa spana mchana mmoja bila kukata kitu. Mtego ni ule msemo unaorudiwa kila gereji kwamba Land Rover haiozi. Bodi haishiki kutu, ni kweli, ingawa hata alumini huliwa ikawa unga mweupe pale inapogusana na chuma penye unyevu. Chasisi, hata hivyo, ni chuma cha kawaida, tena imeundwa kama boksi lenye uwazi ndani, na matope yakiingia humo hayatoki. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao huoza kuanzia chini, pale unapokutana na sakafu. Kwa hiyo mnunuzi anayetazama bodi inayong'aa anatazama mahali pasipo na habari yoyote.

Mimi nilifanya kosa hilohilo. Nililala chini ya gari, nikaona chasisi nyeusi iliyopakwa lami vizuri, nikaridhika. Lilipofikishwa Arusha juu ya lori, fundi mmoja mzee wa kuchomelea, ambaye nilikuwa nimemwita kwa ajili ya bampa tu, alichukua nyundo ndogo akaanza kuigonga chasisi taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlango. Chuma kizima kilikuwa kinalia kama kengele. Alipofika nyuma ya gurudumu la kulia sauti ikabadilika ikawa ya debe, na pigo la tatu likatoboa. Ndani kulikuwa na saruji. Mtu fulani, miaka iliyopita, alijaza shimo kwa saruji, akalisawazisha kwa puti, kisha akapaka lami juu yake. "Mwalimu," akaniambia, "hii chasisi ilikuwa inajibu maswali kwa kuibia."

Matengenezo ya chasisi na ule ukuta wa mbele yalikula shilingi milioni 1.9, kiasi kikubwa kuliko kingine chochote nilichotumia baada ya kulinunua, na ndicho ninachokijutia kidogo kuliko vyote. Sehemu zilizooza zilikatwa kwa grenda hadi kufikia chuma kinachong'aa, maana kiraka kikichomelewa juu ya kutu huanguka pamoja na kutu yenyewe. Boriti ya nyuma ilitengenezwa upya kwa bati la milimita 3. Kabla ya kuchomelea tulitoa tangi la mafuta, ambalo katika pikapu hizi limekaa chini ya kiti cha mbele, na tukachomoa betri pamoja na altaneta. Gereji ya kwanza niliyoiendea ilitaka kuchomelea tangi likiwa mahali pake, eti kwa sababu lilikuwa tupu. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Niliondoka na gari langu likivutwa kwa kamba.

Kuhusu injini, ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa mmoja: itupe, weka ya dizeli ya Toyota au Isuzu. Siupuuzi ushauri huo, kwa sababu magari mengi yaliyofanyiwa hivyo yanafanya kazi vizuri na yanakunywa mafuta kidogo. Ila mtu mwenye bajeti finyu anapaswa kuuliza gharama ya vitu vinavyokuja nyuma ya injini mpya: vishikio vya kuchomelea upya, bati la kuunganishia giaboksi, rejeta, bomba la ekzosi, na nyaya. Injini ya zamani ilikuwa imekwisha kuwepo. Kipimo cha mgandamizo kilionyesha silinda tatu ziko sawa na ya pili iko chini sana, na tulipofungua silinda hedi tukakuta valvu moja ya ekzosi imeungua ukingoni, mfano wa sarafu iliyong'atwa. Nilinunua valvu mpya, nikazisaga zote nane kwa mkono, kwa kijiti chenye kikombe cha mpira na pasta ya kusagia, jioni nne mfululizo. Hedi ilipelekwa kwa fundi wa lethi ikasawazishwa. Nafasi ya valvu, yaani mwanya unaoachwa juu ya valvu ikiwa imefungwa, katika injini hii ni inchi 0.010 kwa zote, za kuingiza na za kutoa, hivyo huhitaji kukariri namba mbili. Tukisema kweli, sijawahi kukutana na injini inayomfundisha mtu kwa subira kama hii: kila kitu kinaonekana, kila kitu kinafikiwa na mkono, na mpangilio wake wa silinda kuwaka kwa zamu, 1-3-4-2, unaweza kuufuata kwa macho kwenye waya za plagi.

Breki ndizo zilizonichosha. Gari hili lina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na katika 109 kutoa upepo kwenye mfumo ni kazi inayoweza kumfanya mtu mpole atamke maneno yasiyofaa. Wiki mbili tulisukuma pedali, ikarudi laini kama mkate uliolowa. Dawa yake, niliyoipata kwa fundi aliyekuwa akihudumia magari ya misheni zamani, ni kukaza virekebisho, yaani skrubu za kusogeza viatu, hadi viatu vya breki vibane ngoma kabisa ndipo utoe upepo, kwa kuwa pistoni zisipokuwa na safari ndefu upepo hauna mahali pa kujificha. Baada ya hapo unalegeza kidogo hadi gurudumu lizunguke. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali ya breki, nililolinunua dukani kama jipya lilivuja siku ya ishirini na moja, na muuzaji akakataa kulipokea kwa hoja kwamba nilikuwa nimelifungua boksi, kana kwamba kuna namna nyingine ya kulifunga kwenye gari. Tangu hapo nakagua mipira ya ndani palepale kaunta kabla sijatoa pesa.

Breki ya mkono nayo ina tabia yake. Haikamati magurudumu, inakamata propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, nyuma ya giaboksi, na ngoma yake imekaa mahali ambapo sili, yaani mpira wa kuzuia oili, ikivuja oili yote inaishia humo. Ukiona breki ya mkono haishiki, usinunue viatu vipya kabla ya kubadilisha sili, na kamwe usiivute gari likiwa linatembea.

Mengine nayapitia haraka. Matufe ya chuma kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayogeuka usukani unapokatwa, yalikuwa yametobolewa na kutu na kuharibu sili. Badala ya kununua mapya nilijaza vitobo kwa gundi ngumu ya epoksi, nikasugua kwa msasa laini, nikaweka sili mpya na grisi nyepesi ndani badala ya oili, na mpaka leo hayavuji kiasi cha kulalamikia. Gia ya pili huruka ukiachia mafuta kwenye mteremko, kwa hiyo naishika kwa mkono. Nyaya za umeme zilikuwa chache na zikarekebishika kwa urahisi. Rangi nilipaka mwenyewe kwa brashi na rola, na inaonekana hivyo.

Vipuri vinapatikana, tena kwa urahisi kuliko vya magari mengi yaliyo na nusu ya umri wake. Sili, mipira ya breki, gasketi na sahani ya klachi nilivipata Arusha, na vilivyokosekana vililetwa kutoka Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, na mtu anayesafiri. Jambo moja litakalomgharimu asiyejua ni spana. Nati nyingi za gari hili ni za inchi, na fundi anayelazimisha spana ya milimita 13 kwenye nati ya nusu inchi ataila pembe zake, kisha atakulipisha kazi ya kuikata. Nilinunua seti ya mitumba ya spana za inchi kwa shilingi elfu 45, na sidhani kama nimewahi kutumia pesa vizuri zaidi.

Linavyotembea: kwenye lami ni la kilomita 70 kwa saa, na ukizidi hapo kelele ndiyo inayokuambia urudi. Linakunywa lita moja kwa kilomita tano hadi sita, nimepima mara kadhaa. Nililirudisha Karatu likiwa zima, na kwenye mlima wa juu ya Mto wa Mbu lilipanda kwa gia ya pili bila mshale wa joto kusogea, nyuma yetu kukiwa na foleni ya magari ya watalii yasiyo na subira. Shambani, siku ya mvua, nilivuta nyuma kile kijiti chenye kichwa chekundu kinacholeta gia nzito na magurudumu manne kwa pamoja, na likatoka kwenye udongo mwekundu ambao trekta lilikuwa limeukwepa asubuhi. Huwezi kulitumia hivyo kwenye lami kavu, kwani ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja bila difu katikati, yaani gia za kuziruhusu zizunguke kwa kasi tofauti, na kitu kitavunjika.

Jumla ya gharama, pamoja na bei ya kununulia, ilipita kidogo shilingi milioni 10. Kwa fedha hizo ningepata gari dogo la Kijapani lenye redio na kiyoyozi, na anayehitaji kufika kazini kila siku saa moja asubuhi anunue hilo. Anayehitaji gari la shamba, mwenye mahali pa kuliegesha likiwa limefumuliwa na mwenye uwezo wa kusubiri mshahara unaofuata, atafute 109 ambayo chasisi yake bado haijapakwa lami, abebe nyundo ndogo, na asilipe zaidi ya milioni 3 na nusu kwa lisilotembea. Langu nililinunua kwa milioni 1.3 zaidi ya hapo, na hiyo ndiyo bei ya ile saruji.