Stika ya kuvalisha treni ya mtoto: ipi ununue, ipi uiache dukani

Tangu treni ya mchongoko, ile yenye pua iliyochongoka, ianze kukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, treni ya plastiki iliyokaa sebuleni imeanza kuonekana ya kizamani. Watoto wanataka mchongoko wa SGR (reli ya kisasa), na wazazi wengi mmeamua kuwatengenezea: mnachora kwenye kompyuta, mnachapa, mnakata, mnabandika. Kisha mnaniandikia, na lalamiko ni lile lile. Ubavuni stika imekaa safi, ila puani imenyanyuka, imekusanya vumbi, na mtoto ameimalizia kuibandua kwa kucha.

Muuzaji ukimuuliza stika nzuri ni ipi, atakuonyesha inavyong'aa na rangi inavyoiva. Siku hizi karibu zote zinang'aa. Mimi naangalia kitu kimoja kabla ya vyote: ikipinda, inatulia au inataka kurudi ilivyokuwa? Kichwa cha treni ya kuchezea kina mipindo midogo mikali, na mchongoko ndio umezidi. Stika isiyokubali kupinda itanyanyuka hata gundi yake iwe kali namna gani.

Sababu iko kiwandani. Vinaili, yaani plastiki nyembamba ya stika, ikiwa ya kawaida hupitishwa kwenye roli za moto zikaisukuma mpaka ikawa nyembamba. Ule msukumo unabaki ndani yake, hivyo ikipata joto au ikivutwa, inajikusanya. Vinaili ya kumiminwa humwagwa ikiwa majimaji, ikakaushwa hivyo hivyo ilivyotandaa. Haina pa kurudi. Karatasi yenyewe haivutiki kabisa: ukiilazimisha inafanya mikunjo.

Jaribu hivi kabla ya kununua. Omba kipande chembamba cha upana wa kidole, kizungushe kwenye kalamu ya wino, ncha zipandane kidogo, ukibonyeze vizuri kwa ukucha. Kiache mpaka kesho yake. Ncha ikisimama hata kidogo, hiyo ni ya mabehewa tu, au ni ya kuiacha. Ikilala kabisa hadi usione ilipoishia, hiyo ndiyo ya puani.

Namba moja: ORAJET 3951

Sifichi, napenda bidhaa za ORAFOL ya Ujerumani, na hii ndiyo sababu kubwa. ORAJET 3951 ni vinaili ya kumiminwa, imetengenezwa kwa ajili ya kuvalisha magari yenye mabonde na miinuko. Pua ya treni ya mtoto haiisumbui. Printa ya nyumbani haiwezi kuichapa, inataka mashine za wino wa solventi (wino wa kemikali, si wa maji) au za aina hiyo walizonazo mafundi wa mabango. Kwa hiyo kazi ya nyumbani ni kupima, kuchora, kukata na kubandika. Pima kwa kuzungusha ukanda wa karatasi kwenye kichwa cha treni na kuweka alama, chora kwenye Inkscape (programu ya kuchora, ni ya bure), ongeza milimita 2 kila upande, hifadhi kama PDF, mpelekee fundi. Usinunue roli nzima ya vinaili. Muulize mabaki ya kazi ya gari. Kipande cha ukubwa wa gazeti kinavalisha treni nzima.

Hapa pana kosa linaloharibu kila kitu, na mafundi wengi hawalisemi: laminesheni, ile plastiki angavu ya kufunika juu ya chapa. Ukichapa kwenye vinaili ya kumiminwa halafu ukaifunika kwa laminesheni ya kawaida, umeivalisha ganda gumu. Ile ya juu itajikunja na kuivuta ya chini. Sema unataka ya kumiminwa pia, mfano ORAGUARD 290. Na wino wa solventi uachwe upumue angalau saa 24 kabla ya kufunikwa, maana ule mvuke ukifungiwa ndani unalainisha gundi. Fundi anayekukabidhi kazi ndani ya nusu saa, imechapwa na kufunikwa, anakupa stika itakayonyanyuka.

Namba mbili: ORACAL za rangi, bila kuchapa

Kama mchoro wako ni mistari na madirisha, huhitaji printa. Nunua vipande vya ORACAL 651, vinaili ya ORAFOL yenye rangi tayari, vya rangi unazotaka, kata kwa wembe na rula, panga rangi juu ya rangi. Ina unene wa mikroni 63 na inatosha kwa ubavu na paa. Puani weka 951, ambayo ni ya kumiminwa. Rangi yake imo ndani ya plastiki yenyewe, kwa hiyo mate na maji ya kuogea hayaiondoi. Mimi huchanganya: mabehewa 651, pua 951, kisha nembo ndogo tu ndiyo ya kuchapwa.

Namba tatu: vinaili ya A4 ya printa ya nyumbani

Wenye printa za tanki kama Epson L3250, hii ndiyo yenu. Wino wake wa rangi ni wa maji, kwa hiyo lazima ufunike, vinginevyo mtoto atakuja na midomo ya bluu. Chapa kwa asilimia 100, zima ile sehemu ya kulinganisha na ukubwa wa karatasi. Puani usijaribu kipande kimoja. Kata vitatu, ubavu kwa ubavu na kimoja cha katikati.

Karatasi ya stika ya kung'aa ya gramu 135, ile rahisi: ni ya daftari. Stika angavu, ile unayoona ng'ambo yake, inaonyesha rangi ya treni chini yake. Basi.

Sasa wauzaji. Kariakoo kila roli ni "ya Ujerumani". Omba kuona lebo ya boksi au ya ndani ya kiini cha roli, utaambiwa boksi lilitupwa. Duka moja liliniuzia pakiti iliyoandikwa haipitishi maji. Ndani ilikuwa karatasi tupu, ukiichana unaona nyuzi zake. Nilipoirudisha niliambiwa ikishafunguliwa ni yangu. Wengine hawauzi chini ya mita, na bei inapanda ukitaja kwamba ni ya mtoto. Mzazi anayehitaji kipande cha sentimita 30 analipia mita nzima, kisha anaambiwa yeye ndiye hajui kubandika. Hilo linaniuma, kwa sababu wengi wenu mmebandika vizuri kabisa.

Kabla ya kulipa, pindua treni yenyewe uangalie chini. Ukiona pembetatu yenye 5 au herufi PP, au 2 na 4 za PE, gundi nyingi hazishiki plastiki hiyo, hata 3951 itasumbua. Mbao iliyopakwa rangi na plastiki ngumu ya ABS zinashika vizuri. Futa kwa spiriti, iache ikauke, pasha stika kwa drayer ya nywele ukiwa unaibonyeza kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha treni ipumzike usiku mzima kabla ya kurudi mkononi mwa mtoto. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, usiweke vipande vidogo vya nembo.