Tangi la lita 30, masanduku ya alumini na mipira ya tyubu: DR650 yangu kwenye Great Central Road

Kutoka Laverton hadi kituo cha mafuta cha Tjukayirla, jangwani Australia, ni kama kilomita 300, na katikati hakuna pampu hata moja. Tangi linalokuja na pikipiki ya Suzuki DR650 kutoka kiwandani ni la lita 13. Ya kwangu inakunywa lita 5 kwa kilomita 100 nikiwa mpole, 6 nikiingia mchangani. Piga hesabu. Vitu vingine vyote nilivyonunua kabla ya safari hii nilivibishania moyoni kwa wiki kadhaa, lakini tangi kubwa nililiagiza siku hiyohiyo.

Mimi ni mtoto wa Singida, Perth naishi mwaka wa saba sasa. Great Central Road inatoka Laverton, Australia Magharibi, inakwenda kutokea Yulara, jirani na mwamba wa Uluru: kilomita 1,100 na ushee, nyingi zikiwa vumbi jekundu, ingawa lami inasogea kidogokidogo. Inapita kwenye ardhi ya wenyeji wa asili, kwa hiyo unaomba vibali viwili kabla, kimoja cha kila upande wa mpaka wa majimbo. Nilikwenda Juni. Mchana jua lilivumilika, usiku niliota moto nikiwa nimevaa kila nguo niliyobeba.

Sasa tangi. Ni la plastiki, lita 30, limetengenezwa hukuhuku Australia. Nililifunga mwenyewe Jumamosi moja asubuhi. Nilichagua jeupe, na hapo nilifanya la maana bila kujua: DR650 haina geji ya mafuta, lakini tangi jeupe ukilitazama dhidi ya mwanga unaona petroli imefika wapi. Likijaa, mafuta peke yake ni kama kilo 22, na yote yanakaa mbele na juu. Ukitembea taratibu usukani unakuwa mzito, kama uliyejitwisha ndoo ya maji na mtu anakuita nyuma. Likifika nusu unasahau kama lipo. Kasoro yake ni ndogo: mvuke wa petroli hupenya plastiki polepole, kwa hiyo stika nilizobandika kwa mbwembwe zilivimba zote kama maandazi. Nimezibandua.

Kwenye vituo vya njiani vya Warburton na Warakurna nilijaza Opal. Hii ni petroli iliyopunguzwa kemikali zinazolevya ukiinusa, ilianza kusambazwa 2005 ili kupunguza tabia ya kunusa petroli iliyokuwa ikiwaumiza vijana wa vijiji vya huko. Ina okteni 91 na injini yangu haikuona tofauti. Mfuko ndio ulioona, maana kila kitu kimesafiri mbali kufika pale.

Pesa niliyoitupa ni ya masanduku ya alumini. Mawili, ya pembeni, pamoja na fremu yake ya chuma. Yanapendeza kwenye picha, siwezi kusema uongo. Mzee mmoja wa kazini, aliyezaliwa na kukulia kwenye vumbi hilo, aliyagonga kwa kidole, akaniuliza kama nahamia huko. Tulicheka, nikayafunga.

Barabara ile ina mawimbi kama bati la nyumba, yenye urefu wa kilomita nyingi mfululizo. Ukienda polepole yanakutikisa meno. Ukikimbia kiasi unaelea juu yake, ila gurudumu la mbele linakuwa na mawazo yake binafsi. Siku ya pili, kabla ya Warburton, nilisikia mlio wa kukwaruza. Bano la fremu ya kushoto lilikuwa limepasuka kwenye kona ya kuchomelea, na sanduku likining'inia kwa bolti moja, huku maji, jiko na tyubu za akiba zote zikiwa ndani. Fundi wa kuchomea? Pembeni kulikuwa na mizoga tu ya magari yaliyotelekezwa, na barabara ile inayo mingi.

Kilichoniokoa hakikununuliwa. Mdogo wangu ni bodaboda Singida. Nilipomtumia picha ya pikipiki imepakiwa, hakusifu chochote. Aliandika tu: "Kaka, mbona sioni mipira?" Mipira yenyewe ni ile ya tyubu kuukuu iliyokatwa vipande virefu, anayofungia magunia ya mkaa na vitanda. Nilikata tyubu moja ili kumridhisha. Pale porini nilizungusha vipande vinne, nikavivuta mpaka vikalia, sanduku likashikamana na fremu. Lilifika Yulara hivyohivyo. Kila kituo nilikaza upya, basi.

Ningerudi leo ningebeba mikoba laini ya turubai na nisingezidisha kilo 20 za mizigo, maji yakiwemo.

Mambo madogo yaliyolipa: kwanza sproketi ya mbele, ile gia ndogo inayovuta mnyororo. Ya kiwandani ina meno 15. Niliibadilisha Laverton nikaweka ya 14. Kwenye DR650 imeshikwa na kibanio cha duara, si nati kubwa, kwa hiyo ukiwa na koleo lake ni kazi ya muda mfupi. Mchangani injini haikunizimikia. Pili, zile skrubu mbili za swichi ya nyutro, ndani, nyuma ya klachi. Wenye pikipiki hii wanazijua, zikilegea zinaangukia kwenye gia. Nilimpa fundi afungue na azifunge kwa gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, na hiyo ndiyo pesa niliyolipa bila kinyongo. Springi za mbele ngumu zaidi, ndiyo, kama una kilo 90 na zaidi kama mimi. Upepo wa tairi niliushusha hadi PSI 22 mbele na 25 nyuma, mikono ikapumua. Na ngozi ya kondoo juu ya kiti: nilidhani ni mzaha wa wazee wa huku mpaka nilipokaa juu yake saa sita.

Kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti nilikisajili kwa mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia, AMSA, ambao ndio wanaopokea ishara yake hata ukiwa jangwani. Nilikivaa mwilini. Kikikaa kwenye pikipiki na wewe umeangukia upande mwingine, hakikusaidii kitu.

Masanduku yapo gereji kwangu, moja lina alama za mipira mpaka leo. Mdogo wangu anasema nimpelekee, atawekea kuku.